Kabla ya Kuchagua Mashine ya Ndevu, Itazame Kwanza Shingo Yako

Vijana wengi wa hapa Moshi wanapotaka kununua mashine ya kunyolea ndevu huanza na swali la bei, kisha jina lililoandikwa kwenye boksi, kisha muda ambao betri inakaa na chaji. Ni maswali ya haki, lakini yote matatu huulizwa mapema mno. Mpwa wangu ameajiriwa hivi karibuni katika hoteli ya watalii inayomtaka afike kazini kila siku akiwa na kidevu kisafi, na aliponiomba ushauri nilimwuliza kwanza jambo jingine: "Ukinyoa leo kwa wembe, kesho kutwa shingo yako inakuwaje?" Akanijibu, "Mjomba, inatoka vipele, na vingine vinatunga usaha." Jibu hilo peke yake lilikwisha kuondoa nusu ya mashine zilizokuwa kwenye rafu. Ninaeleza hapa sababu zake kwa kirefu, kwa kuwa ninaamini wanaume wengi wenye nywele za kipilipili wananunua mashine zilizobuniwa kwa ajili ya nywele za watu wengine, kisha wanailaumu ngozi yao.

Unywele wa kipilipili haujipindi baada ya kutoka nje tu. Hata kijifuko unamoota ndani ya ngozi kimepinda. Unapokatwa karibu sana na ngozi, ncha yake inabaki kali na ya mshazari, na kwa kuwa unaota kwa kujikunja, ncha hiyo inageuka na kuichoma ngozi jirani yake. Hiyo ndiyo njia ya kwanza. Njia ya pili ni mbaya zaidi: unywele ukikatwa chini ya usawa wa ngozi, hauhitaji hata kutoka nje, bali unatoboa ukuta wa kijifuko chake ukiwa bado ndani na kuendelea kuota kuelekea pembeni. Mwili unaushughulikia unywele huo kama kitu kigeni kilichoingia, ngozi inavimba, inawasha, inatunga usaha, na kipele kikipona huacha doa jeusi ambalo huchukua miezi kufifia. Kwa baadhi ya watu pia hubaki kovu lililovimba. Nyembe za kisasa zenye visu viwili, vitatu au vitano zinaongeza tatizo, kwa sababu kisu cha kwanza huuvuta unywele juu na kinachofuata huukata, kisha mabaki yake yanarudi chini ya ngozi. Ule ulaini ambao matangazo yanausifu ndio unaowaletea wengi wetu taabu.

Kwa hiyo mtu mwenye shingo ya namna hiyo hatafuti mashine inayonyoa hadi chini kabisa. Anatafuta mashine itakayomwachia unywele mfupi kiasi cha kuonekana nadhifu, na mrefu kiasi cha kutoweza kurudi ndani. Mtu ambaye hapati vipele, na wapo wengi, yuko huru kuchagua yoyote kati ya aina ninazozieleza hapa chini, na kwake maswali ya bei na betri yanaweza kutangulia.

Aina ya kwanza ni mashine ya foili. Kichwani mwake kuna karatasi nyembamba ya chuma yenye matundu mengi madogo, ambayo unene wake haufiki hata sehemu ya kumi ya milimita, na chini ya karatasi hiyo visu vinakwenda kulia na kushoto kwa kasi kubwa. Unywele unaingia kwenye tundu, kisu kinaukata kwa ndani, na karatasi inaikinga ngozi isiguswe na kisu. Wazo la kisu kinachokwenda na kurudi chini ya kinga ya chuma ni la zamani: Jacob Schick, aliyekuwa mwanajeshi wa Marekani, alipata hataza (haki ya kisheria ya uvumbuzi) ya mashine yake ya umeme mwaka 1930 na kuanza kuiuza mwaka uliofuata, na kampuni ya Braun ya Ujerumani ikatoa mashine yake ya kwanza ya foili, iliyoitwa S 50, mwaka 1950. Mashine za aina hii husogezwa kwa mistari iliyonyooka, kinyume na nywele zinakoelekea, na ndizo zinazokaribia wembe zaidi kwa ulaini. Pia ni rahisi kuziongoza kwenye kingo za masharubu, kwa sababu kichwa chake kina pembe zinazoonekana.

Udhaifu wake uko sehemu mbili. Kwanza, foili hupenda ndevu za siku moja, au za siku mbili kwa kujikaza. Ndevu zikishakuwa za siku nne au tano hulala juu ya ngozi na haziingii matunduni, hivyo mtu hujikuta anapitisha mashine mahali pamoja mara nyingi, na hapo ngozi huanza kuwaka. Pili, karatasi ile ni laini. Mashine ikianguka sakafuni bila kifuniko hubonyea au huchanika, na foili iliyochanika inakata ngozi vibaya kuliko wembe butu, kwa hiyo haifai kutumika hata siku moja zaidi.

Kwa mwenye vipele, mashine ya foili ina nafuu kuliko wembe, kwa kuwa kwa kawaida haikati chini ya usawa wa ngozi. Nafuu hiyo hata hivyo hupotea mara mtu anapoikandamiza, kwa sababu ngozi inafutuka na kuingia matunduni, na kisu kinakuta unywele chini zaidi ya palipokusudiwa. Vijitabu vya maelekezo vinavyokuja na mashine hizi karibu vyote humwagiza mtumiaji avute ngozi kwa mkono mmoja huku akinyoa kwa mkono mwingine. Agizo hilo ni zuri kwa mwenye nywele zilizonyooka. Kwa mwenye nywele za kipilipili na historia ya vipele, kuvuta ngozi ni kuukaribisha unywele urudi ndani pindi ngozi inapoachiwa. Aiache ngozi yake ikae ilivyo, apitishe mashine kwa wepesi, na akubali kwamba kidevu hakitakuwa laini kabisa.

Aina ya pili ni mashine ya vichwa vya mviringo, ambayo wengi wetu tuliiona kwanza kwa wazee waliowahi kusafiri ng'ambo. Badala ya karatasi yenye matundu ina vichwa vya duara vyenye nafasi nyembamba, na ndani ya kila kichwa visu vinazunguka. Ilibuniwa na mhandisi Alexandre Horowitz katika kampuni ya Philips ya Uholanzi na kuanza kuuzwa mwaka 1939 ikiwa na kichwa kimoja. Leo nyingi zina vichwa vitatu, na zile za kunyolea kipara mara nyingi zina vitano au zaidi. Mashine hii huzungushwa usoni kwa miduara midogo, vichwa vyake hufuata umbo la taya, na mlio wake ni wa chini kuliko wa foili. Nafasi zake huweza kupokea unywele mrefu kidogo kuliko matundu ya foili.

Hata hivyo siipendekezi iwe ya kwanza kwa kijana mwenye ndevu ngumu za kipilipili. Unywele uliojikunja na kulala hauingii kwa urahisi kwenye nafasi zile, na dawa anayoijua kila mtumiaji ni kuzungusha tena na tena. Kila mzunguko wa ziada ni msuguano, na shingoni, mahali ambapo nywele huota zikielekea pande tofauti, msuguano huo unalipwa kesho yake asubuhi.

Mahali ninapoisifu kwa moyo wote ni kwa wazee. Baba yangu anaishi Marangu, ndevu zake zimekuwa nyeupe na laini, ngozi ya mashavu imelegea, na mkono wake hauna tena uthabiti wa zamani. Wembe kwake ulikuwa hatari ya kila asubuhi, na foili ilihitaji pembe sahihi ambayo mkono unaotetemeka hauwezi kuishika. Mashine ya vichwa vya mviringo humsamehe: akiipeleka kushoto au kulia, vichwa hujipanga vyenyewe, na si rahisi visu kumchana. Jambo hili lina uzito mkubwa zaidi kwa mzee anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, ambaye mkato mdogo tu unaweza kutoa damu kwa muda mrefu, na kwa mwenye kisukari, ambaye vidonda vyake huchelewa kupona. Mtu anayetaka kumpelekea mzazi zawadi kijijini wakati wa Krismasi au Idi angefikiria mashine ya namna hii kabla ya shuka la tano. Ahakikishe tu kwamba ina swichi moja kubwa inayobonyezwa kwa urahisi, na kwamba mtu mwingine nyumbani anajua kuifungua na kuisafisha.

Aina ya tatu ndiyo niliyokusudia kuizungumzia zaidi, nayo ni trima, yaani ndugu mdogo wa mashine ya saluni. Hapa hakuna karatasi wala kichwa cha duara. Kuna bamba mbili zenye meno, moja imetulia na nyingine inakwenda kulia na kushoto juu yake, na unywele hukatwa pale meno yanapopishana. Kwa kuwa bamba lililotulia lina unene wake, daima hubaki kisiki kifupi cha unywele juu ya ngozi, hata pale mtu anapotumia mashine bila kichana chochote. Kwa mtangazaji wa biashara kisiki hicho ni kasoro. Kwa mwenye vipele ndicho dawa yenyewe.

Ndevu huota takriban sehemu nne za kumi za milimita kwa siku, kukiwa na tofauti ya mtu na mtu. Unywele wa urefu wa milimita moja ni sawa na ndevu za siku mbili au tatu, na ushauri unaotolewa kwa kawaida kwa mwenye tatizo hili ni kutoshuka chini ya kiasi hicho mpaka ngozi itakapotulia. Trima yenye kichana cha milimita moja hutimiza jambo hilo bila kubahatisha. Ngozi ikishapona, baadhi ya watu huweza kushuka hadi nusu milimita bila vipele kurudi, na wengine hawawezi; kila mmoja ataijua mipaka ya shingo yake kwa kushuka polepole, si kwa kuruka.

Kuna swali la haki hapa: je, mwajiri anayetaka uso uliotakata atakubali? Kwa uzoefu wangu, ndevu za nusu milimita zilizopitishwa trima kila asubuhi, huku mstari wa shingo na wa mashavu ukiwa umechongwa vizuri, haziwezi kutofautishwa na uso ulionyolewa na mgeni anayesimama upande wa pili wa kaunta. Kinachomfanya mtu aonekane mchafu ni mchanganyiko wa urefu tofauti na vipele vyekundu, wala si nusu milimita. Iwapo mwajiri bado anasisitiza wembe, mwajiriwa ana haki ya kueleza kwamba hili ni tatizo la ngozi linalotambulika kitabibu. Hata jeshi la Marekani, lenye masharti makali ya unyoaji, kwa miaka mingi lilikuwa likitoa ruhusa za kitabibu kwa askari wenye vipele vya ndevu ili wasinyoe hadi chini, kabla ya kuzibana ruhusa hizo mwaka 2025. Ningependa sana kuona hoteli zetu na kampuni zetu za ulinzi zikiliangalia jambo hili kwa macho hayo, kwa sababu wengi wa vijana wanaoadhibiwa kwa ndevu ni wale ambao ngozi yao inawaumiza.

Ndani ya kundi la trima zipo tofauti zinazofaa kuangaliwa. Zipo zenye bamba la umbo la herufi T, ambalo ni pana kuliko kichwa chenyewe, nazo ni nzuri kwa kuchonga mistari kwa kuwa macho huona kinachokatwa. Zile zinazotumiwa na vinyozi hurekebishwa kwa bisibisi ili bamba linalosogea likaribie mno ukingo wa lile lililotulia. Vinyozi hufanya hivyo wapate mstari mkali, na mteja hufurahi siku hiyo. Lakini bamba likishavuka ukingo linachubua ngozi, na mchubuko ni mlango wa maradhi. Mtu anayenunua ya nyumbani aiache ilivyotoka kiwandani. Zipo pia zenye kisu kidogo cha kubadilishwa, kama OneBlade ya Philips, ambazo hukata karibu kuliko trima ya kawaida bila kufika kwenye ulaini wa foili. Ni chaguo la kati linalowafaa wengi, ila kisu chake kimekadiriwa na kampuni kudumu hadi miezi minne, na kabla ya kununua ni lazima kujua kitapatikana wapi.

Nikigeukia mashine kubwa ya saluni, ile ya waya, ni lazima nizungumzie zinazoletwa na ndugu zetu walioko Marekani. Mwanzo wake ni huko: Leo Wahl wa Sterling, Illinois, alipata hataza ya mashine ya nywele ya umeme mwaka 1921, na mota ya sumaku bado inatumika katika mashine nyingi za vinyozi mpaka leo. Mota hiyo hufuata moja kwa moja mapigo ya umeme wa ukutani. Umeme wetu ni wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde, ambayo huisukuma bamba mara mbili kwa kila mzunguko, yaani mara 6,000 kwa dakika. Umeme wa Marekani ni wa volti 120 na mizunguko 60, sawa na mara 7,200. Mashine ya kule ikichomekwa hapa moja kwa moja, inaungua. Wengi hujua hilo na hununua transfoma ya kushusha volti, kisha hushangaa kwamba mashine inanguruma kwa nguvu huku ikikata kwa udhaifu, na humpelekea fundi ambaye haoni ubovu wowote. Transfoma hushusha volti tu. Haibadilishi mizunguko, na mota iliyotengenezwa kwa 60 haifanyi kazi yake sawasawa kwa 50. Zawadi hiyo, hata ikiwa ya thamani, haitatoa kazi iliyokusudiwa.

Mashine za betri hazina shida hiyo, mradi chaja yake imeandikwa 100–240V. Maandishi hayo huwa madogo sana, chini ya chaja, na ndiyo ya kwanza kusomwa dukani. Kuhusu betri yenyewe, chagua ya lithiamu. Betri za zamani za nikeli zilikuwa zikihitaji saa nane au zaidi kujaa na zilipoteza chaji zikiwa zimekaa tu kabatini, ilhali nyingi za lithiamu hujaa kwa muda wa saa moja au mbili, na baadhi huweza kuchajiwa kwa dakika tano zikatosha kunyoa mara moja. Kwetu, ambako umeme unaweza kukatika alfajiri mtu akiwa amekwisha kupaka sabuni, dakika tano hizo zina maana. Zaidi ya hapo, mashine inayochajiwa kwa waya wa USB inaweza kupokea chaji kutoka kwa pawabenki au taa ya sola yenye tundu la kuchajia simu, jambo linaloifanya iwafae hata ndugu zetu wa milimani na waongozaji wanaopandisha wageni Kilimanjaro.

Sijaacha saluni. Ninaye kinyozi wangu wa Majengo, na kazi ya kichwa bado ninampelekea yeye, kwa namba moja, ambayo ni kichana cha takriban milimita tatu. Lakini ndevu nimezihamishia nyumbani kwa sababu ya usafi, na ninafikiri kila mtu mwenye uwezo wa kununua trima yake afanye hivyo. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, na alama ndogo ya damu isiyoonekana kwa macho inatosha kuviambukiza. Vinyozi wengi hupitisha spiriti kwenye bamba na kuendelea na mteja anayefuata, au huitoa mashine kwenye kisanduku chenye taa ya bluu na kumhakikishia mteja kwamba imeua kila kitu. Mwanga wa taa hiyo, hata ikiwa ni taa sahihi, huua pale tu unapofika. Haupenyi unywele, mafuta wala uchafu ulio katikati ya meno. Spiriti nayo inahitaji bamba liondolewe nywele kwanza kwa brashi, lilowe, na lipewe muda, na hata hivyo haiaminiki dhidi ya mbegu za fangasi wanaoleta mapunye. Kinyozi wangu nilipomwambia haya hakukasirika. Aliniambia, "Kaka, lete mashine yako mwenyewe, nitakunyolea kwayo," na tangu hapo nimewaona wateja wengine wakifika na mashine zao kwenye mfuko, jambo linalompa heshima yeye na kuwalinda wao. Shikilia tu kwamba mashine hiyo isiazimwe nyumbani, hata kwa mdogo wako wa tumbo moja.

Jambo jingine la saluni ni kisogo. Wapo wanaume wanaotaka mstari wa nyuma ya shingo upitishwe mashine isiyo na kichana, kisha wembe juu yake, kila wiki. Vipele vinavyotokea hapo huweza kugeuka kuwa uvimbe mgumu unaoungana na kuwa kovu kubwa lisilootesha nywele, na likishafika hatua hiyo matibabu ni marefu. Anayeona vipele vya kisogoni vinaanza kuwa vigumu asivinyoe wala kuvitumbua, na asijipake krimu za steroidi zinazouzwa sokoni bila maelekezo, ambazo zikitumika kwa muda mrefu hulainisha ngozi mpaka inakuwa nyembamba na dhaifu. Sisi wa Moshi tuna bahati ambayo mikoa mingi haina: katika hospitali ya KCMC kipo Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, kilichoanza mwaka 1992, ambacho kimesomesha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Ni jambo la kusikitisha kwamba mtu anaweza kuishi Soweto au Rau, karibu kabisa na kituo hicho, akahangaika miaka na mafuta ya dukani.

Sasa dukani. Maduka ya vifaa vya umeme ya Double Road na yale yaliyo jirani na Soko la Kati yana mashine za kila daraja, na Mbuyuni zipo za bei ya chini zaidi. Nyingi zenye majina makubwa ni za kuigiza. Nilizojifunza kuziangalia ni uzito, kwa kuwa mota halisi na betri halisi zina uzito wake; maandishi ya boksi, ambayo kwenye bidhaa za kuigiza mara nyingi huwa na makosa ya herufi; na sauti, kwa maana mashine nzima hutoa mlio mmoja usiopanda na kushuka. Mwombe muuzaji aiwashe mbele yako, uiache iende kwa dakika mbili tatu, kisha uguse kichwa chake kwa nyuma ya mkono. Ikiwa imepata moto kwa muda mfupi kiasi hicho, itakuunguza shingo ukiwa katikati ya kazi. Dai risiti ya EFD, yaani ile ya mashine ya kodi, kwa sababu bila hiyo dhamana yoyote aliyoitamka kwa mdomo haina pa kushikia.

Kisha uulize vipuri, na hili nalisisitiza kwa wanaotaka foili au vichwa vya mviringo. Kampuni ya Braun inashauri foili na visu vibadilishwe kila baada ya miezi 18 hivi, na Panasonic inashauri foili ya nje ibadilishwe kila mwaka. Bei ya vipuri hivyo inaweza kukaribia nusu ya bei ya mashine, na kwa hapa Moshi mara nyingi ni lazima viagizwe Arusha au Dar es Salaam. Mashine nzuri isiyokuwa na foili ya kubadilisha ni mashine ya miezi 18. Trima haina gharama hiyo: bamba zake hudumu miaka ikiwa zinasafishwa, na nyingine hunolewa. Kwa mtu wa kipato cha kawaida, hii peke yake ni sababu ya kutosha ya kuichagua, hata kama hapati vipele.

Atakayehama kutoka wembe kwenda mashine ya umeme ya aina yoyote ajipe wiki tatu au nne kabla ya kuihukumu, kwa kuwa ngozi huchukua muda huo kuzoea. Anyoe asubuhi kabla jasho halijaanza, hasa kuanzia Januari hadi Machi, kipindi ambacho joto la hapa hufanya mashine ikwame kwenye ngozi yenye unyevu. Kama amekwisha kuoga, ajifute kabisa na asubiri kidogo. Mashine zilizoandikwa IPX7 zinavumilia kuzamishwa kwenye maji kwa muda mfupi na zinaweza kuoshwa bombani, na nyingi kati yake hutumika pamoja na povu. Zisizo na alama hiyo wala maelekezo ya kuoshwa zisafishwe kwa brashi kavu.

Kuhusu mafuta, bamba za trima zinahitaji tone moja au mawili kila baada ya matumizi machache, huku mashine ikiwa imewashwa ili yaenee, kisha yafutwe yanayozidi. Chupa ndogo inayokuja kwenye boksi ikiisha, mafuta ya cherehani yanafaa kabisa, nayo hupatikana kwa bei ndogo kwenye maduka ya vifaa vya mafundi nguo. Mafuta ya kupikia na mafuta ya nazi yasitumike, kwa sababu yakikaa huganda na kunata katikati ya bamba, mota inalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, betri inaisha mapema, na meno yanaanza kuvuta unywele badala ya kuukata.